Walioacha wembe hawakuacha mila: niliyojifunza Embu na Meru

Nilipopewa talaka, kilichonitoa Mombasa hakikuwa talaka yenyewe. Kilikuwa ni kile kimya cha ghafla kila nikiingia kwenye shughuli, na zile pole ambazo ndani yake mna lawama. Nikatafuta kazi ya ualimu bara, nikapata Embu. Nilidhani nimefika mahali ambapo midomo ya watu haifiki. Nilikosea. Kinywa ni jumba la maneno, na jumba hilo liko kila mji. Lakini huko niliona namna watu walivyojenga kinga dhidi ya maneno hayo, na leo nataka kuwaeleza wenzangu wa Pwani kinga hiyo inavyofanya kazi.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Tharaka, upande wa chini wa nchi ya Wameru. Jioni moja tukinywa chai aliniambia, "Dada, wewe umesemwa mwaka mmoja. Mimi nilisemwa tangu darasa la saba mpaka naolewa." Kosa lake lilikuwa moja: hakukeketwa. Kwa Wameru, kama kwa majirani zao Waembu na Wambeere, msichana ambaye hakupita kwenye wembe alihesabiwa mtoto, hata awe na akili na adabu kiasi gani. Akienda mtoni kuteka maji, wenzake walimwimbia nyimbo za kejeli.

Ni rahisi sisi wa Pwani kutikisa kichwa na kuuliza, kwani walishindwa nini kuacha? Historia inajibu. Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee wa Meru liitwalo Njuri Ncheke, wanaume watupu, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana hawakushangilia. Wengi waliingia msituni na nyembe za dukani, wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Wakajulikana kwa jina la Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu hivi iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wakiwemo wasichana hao na wazazi, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo.

Niliposikia kisa hiki nilistaajabu, kisha nikajiona mwenyewe ndani yake. Wasichana wale hawakupenda maumivu. Wembe ulikuwa ndio mlango wa utu uzima. Pamoja na kukatwa, msichana alifundishwa, akaimbiwa, akapewa zawadi, akatoka ni mtu wa kuheshimiwa. Amri iliufunga mlango huo bila kufungua mwingine. Thamani yao ilibaki machoni mwa watu, na wao wakaifuata huko huko, hata kwa damu.

Miaka 40 baadaye likajaribiwa jambo jingine. Mwaka 1996, Gatunga, huko huko Tharaka, wasichana wapatao 30 walipitishwa kwenye jando jipya lisilokuwa na kisu. Liliandaliwa na familia zao pamoja na Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH, likaitwa Ntanira na Mugambo, yaani kutahiriwa kwa maneno.

Linafanyika hivi. Kwanza huzungumzwa na wazazi, wanaume na viongozi, kwa sababu msichana hawezi kusimama peke yake ikiwa baba na kaka bado wanamcheka. Kisha wasichana hutawishwa kama wiki moja. Hufundishwa mwili wao, heshima, mila zao na namna ya kukata shauri. Kila mmoja ana mwanamke mzima wa kumshika mkono, kama somo kwetu. Siku ya kutoka kuna ngoma, chakula, zawadi na cheti, na kijiji kizima kinashuhudia kwamba huyu sasa ni mtu mzima.

Mdogo wake mwalimu mwenzangu alipitia njia hiyo. Nikamuuliza, tofauti yenu ni ipi? Akanijibu, "Mimi nilijikubali peke yangu, nikachoka sana. Yeye alijikubali watu wakiona."

Tunapenda kumwambia aliyesemwa, "usijali watu, jipende." Maneno mazuri, lakini mtu hali upepo. Anayetakiwa asimame kinyume na maneno ya watu anahitaji kujua kwa nini anasimama, na anahitaji angalau wachache wa kusimama naye.

Hata sheria imelitambua hilo. Sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji haikuishia kwa mwenye kisu. Inamgusa pia mwenye ulimi: kumkejeli mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au kumkejeli mwanamume aliyemuoa, ni kosa la kifungo kisichopungua miezi sita au faini isiyopungua shilingi 50,000.

Simaanishi kwamba sherehe ile imemaliza kila kitu. Wapo wanaokata kwa siri hadi leo. Lakini kwa Kenya nzima, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 katika utafiti wa 1998, na asilimia 15 katika ule wa 2022. Shule, dini, sheria na jando jipya, kila kimoja kimetia mkono wake.

Wahenga wetu walisema mwacha mila ni mtumwa. Wasichana wa Tharaka hawakuacha mila. Walibaki na mafunzo, ngoma, zawadi na heshima, wakaacha wembe tu. Nasi Pwani tuna masomo na makungwi, tunajua fika kumfunda mwari kwa maneno. Ila mimi nilifundwa namna ya kuingia nyumba ya mume. Sikufundwa nitasimama vipi nikitoka.

Nimesharudi Mombasa. Mwaka jana binti wa jirani alirudi kwao na talaka yake, akajifungia ndani. Ilipofika harusi ya mtaani, mamake akaniambia, "Mwache tu, mwanangu, watu watasema." Nikamjibu, "Mama, watasema akija na watasema asipokuja." Nikaingia chumbani, nikamsubiri avae, tukaenda pamoja. Kimya kile nikijuacho kilitupokea mlangoni. Tukakaa safu ya mbele, bega kwa bega, mpaka bibi harusi akatoka.