Nkwenda na Watu Wake

Wanangu, chukueni ramani ya Tanzania. Wekeni kidole juu kabisa, upande wa kushoto, pale nchi yetu inapokutana na Rwanda na Uganda kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, na ndani yake kuna mji mdogo uitwao Nkwenda. Ramani nyingi haziutaji, na ndiyo maana nataka niwasimulie habari zake.

Tuanze na mto. Mto Kagera unapanda kaskazini ukiwa mpaka wetu na Rwanda, kisha unakata kona kuelekea mashariki ukawa mpaka wetu na Uganda. Maji hayo huingia Ziwa Victoria, hutokea Jinja yakiitwa Nile, na safari yao huishia Misri. Ukiifuata barabara ya Nkwenda kwenda kaskazini utafika Murongo, na ng'ambo ya mto ni Kikagati, Uganda. Pale umejengwa mtambo wa umeme wa maji, na nchi hizi mbili zinagawana umeme wake.

Nchi ya Nkwenda ni vilima na mabonde. Jua si kali sana, na mvua hunyesha misimu miwili: vuli na masika. Mgomba haupendi kingine zaidi ya hicho.

Ingieni basi kwenye kibanja kimoja, yaani shamba la nyumbani. Juu kuna migomba, chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharage. Ardhi yenyewe huioni, kwa sababu imetandikwa nyasi na majani makavu ili unyevu usikimbie. Matunda ya kahawa yakiiva huwa mekundu. Huchumwa kwa mkono, huanikwa juani mpaka yakauke, na huuzwa na maganda yake. Mgeni akifika hupewa akamwani, yaani kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, akatafuna huku akipiga soga. Lakini kuna jambo linaloniuma. Mzazi mwenye shida ya haraka, labda mtoto anadaiwa sare, huweza kuiuza kahawa ikiwa bado ni maua, kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo huitwa butura. Serikali imeipiga marufuku, na ni haki kabisa, maana jasho la mwaka mzima humfaidisha asiyeshika jembe.

Zamani, kabla ya wilaya na mikoa, hapa palikuwa sehemu ya ufalme wa Karagwe chini ya ukoo wa Wahinda. Mfalme mashuhuri zaidi alikuwa Rumanyika, aliyekaa Bweranyange. Inasimuliwa kwamba baba yake Ndagara alipofariki, wana watatu waligombania kiti. Ikawekwa ngoma ndogo chini: anayestahili ufalme ndiye atakayeweza kuinyanyua. Ndugu wawili wakajaribu, ngoma haikutikisika. Rumanyika akaja, akainyanyua kama si kitu.

Kwa mfalme huyo walifika wafanyabiashara wa pwani wakitafuta pembe za ndovu, na kituo chao kilikuwa Kafuro. Mwezi wa Novemba 1861 wakafika Waingereza wawili, Speke na Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Grant aliugua mguu vibaya, akashindwa kutembea. Speke akaendelea na safari kwenda Buganda, naye Grant akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa, akitunzwa.

Kisha ikaja miaka ya 1890, na msiba. Sotoka iliua ng'ombe makundi kwa makundi. Watu nao wakapungua kwa maradhi na njaa. Palipokuwa malisho pakaota vichaka, mbung'o wakaingia, na wanyama wa porini wakatawala. Baadhi ya mapori hayo yapo hadi leo: mwaka 2019 yalitangazwa kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, hii ya pili ikichukua jina la mfalme wetu wa ngoma.

Watu wakarudi polepole. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, wakaongezeka Wahaya kutoka pande za Bukoba, Wakiga na Wanyankole kutoka Uganda, Wanyarwanda na Warundi. Wengine walifuata ardhi yenye rutuba, wengine machimbo ya bati ya Kyerwa, wengine walikimbia vita. Hivyo vijiji vikajaa, na Nkwenda ikawa mahali pa kuuzia ndizi, maharage na kahawa.

Sikilizeni hesabu. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Wilaya ya Karagwe, Kyerwa ikiwa bado ndani yake, ina watu zaidi ya 420,000. Mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Karagwe ikahesabiwa watu 332,020 na Kyerwa, ambamo Nkwenda ni kata, 321,026. Jumlisheni wenyewe mwone. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja, kwa hiyo kibanja alichokuwa nacho babu mmoja leo wanagawana wajukuu wengi.

Sasa nanyi nina kazi ya kuwapa. Kila mmoja amwendee bibi au babu yake, amuulize ukoo wao ulitoka wapi, ulifika mwaka gani, na ulikuta nini pale walipojenga. Yaandikeni majibu kwenye daftari, kwa sababu mengi ya hayo hayamo katika kitabu chochote.