Lugha za Taita (Sehemu ya Nne): Mwanafunzi wa Ngazi ya Kati

Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, ambayo huadhimishwa kila tarehe 21 Februari, imezua tena mjadala wa kufundisha lugha za asili katika Gredi ya 1 hadi ya 3. Mjadala huo unamsahau kijana wa Kaloleni, mjini Voi, anayeelewa maamkizi na maagizo ya nyumbani kwa Kidawida au Kisaghala, lugha za Wataita, lakini huachwa nyuma mara tu wazee wanapoanza mazungumzo yao wenyewe. Huyo ndiye mwanafunzi wa ngazi ya kati, yaani aliyekwisha kuvuka msingi bila kufikia umilisi, na kwa kuwa ngeli na nyakati za vitenzi zilikwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia, sehemu hii inahusu matini anazostahili kusoma.

Sarufi ya J. A. Wray, mmisionari wa Church Missionary Society aliyefika mlima Sagalla mwaka 1883, ilichapishwa London mwaka 1894 na bado inastahili heshima kubwa. Kwa kuwa Wray aliishi Sagalla, lugha aliyoiita ya Taita ni Kisaghala hasa, na msomaji wa Kidawida asiyejua jambo hilo atadhani kwamba wazee wake wanakosea. Inasikitisha kwamba Kisaghala, kilichotangulia kuandikiwa sarufi, ndicho leo chenye wasemaji wachache kuliko Kidawida.

Sarufi hiyo, hata hivyo, ilitungwa kwa ajili ya kazi ya misheni, na mwanafunzi wa ngazi ya kati anahitaji lugha ya mila, ambayo kielelezo chake bora ni kutasa. Katika ibada hiyo mtu hupiga funda la pombe ya miwa au la maji, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwaombea jamaa heri, kwa sababu hasira iliyofichwa iliaminiwa kuleta maradhi na misiba. Maneno hayo hayafuati mpangilio wa mazungumzo ya sokoni. Yana marudio, vifupisho na majina ya heshima, na anayeyafuata kwa sikio amekwisha kuingia ndani ya lugha. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliyachunguza kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1978, lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na si haki kwamba Mtaita alazimike kuzisoma dua za babu zake kwa lugha ya kigeni.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliiona mapema hatari kama hiyo ya kupoteza urithi wa lugha. Lugha yao ya Yiddish, iliyochanganya Kijerumani, Kiebrania na lugha za Kislavoni na kuandikwa kwa herufi za Kiebrania, ilipata taasisi ya utafiti iitwayo YIVO mjini Vilna mwaka 1925, na taasisi hiyo ikawategemea watu wa kawaida vijijini kukusanya hadithi, methali na nyimbo. Baada ya mamilioni ya wasemaji kuuawa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanaisimu Uriel Weinreich alitoa mwaka 1949 kitabu cha kiada cha wanafunzi wa vyuo, nacho kingali kinatumika. Wakusanyaji wa namna hiyo wangepatikana Voi pia, kama shule na makanisa yangewatuma vijana kwa wazee.

Serikali ya Kenya, kwa kufuata pendekezo la ripoti ya elimu ya mwaka 1976 iitwayo Ripoti ya Gachathi, hutaka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mjini lugha hiyo huwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Kaloleni hategemei darasa, bali nyumbani na vitabu.

Matini ya kwanza ya kurekodiwa ni simulizi za Kasighau, huko huko Taita, ambako mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwahamisha wakazi kwa nguvu hadi Malindi kwa tuhuma za kuwasaidia Wajerumani. Simulizi hizo ziandikwe kwa lahaja ya huko huko, zikiambatana na faharasa ya maneno magumu na alama za toni, ambazo sehemu ijayo itazieleza.