Kabla ya Kununua Dira ya Chombo

Mvuvi au mwenye boti ya abiria anaponunua dira, aghalabu hutazama bei na kama kioo hakijapasuka. Hayo hayatoshi. Hitilafu ya nyuzi 5 haionekani kwa macho, lakini chombo kikisafiri nayo maili 20 za baharini kitakuwa kimeiacha njia yake kwa takribani maili moja na robo tatu, yaani zaidi ya kilomita 3. Usiku, penye miamba, huo si umbali mdogo.

Sura ya tano ya Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 yataka meli, bila kujali ukubwa, iwe na dira ya sumaku iliyorekebishwa ipasavyo, au njia nyingine ya kujua mwelekeo isiyotegemea umeme. Vyombo vidogo huachiwa sheria za kila nchi. Bahari, hata hivyo, haivibagui.

Dukani, iweke dira juu ya meza ya mbao mbali na chuma, usome nyuzi zake. Sogeza kisu mpaka kadi igeuke kidogo, kisha kiondoe. Kadi irudi palepale ilipokuwa. Ikisita, au ikitulia pengine, ncha inayoibeba imechakaa. Kiputo kikubwa cha hewa ndani ya kioo ni dalili kwamba kimiminika kinavuja.

Dira za mtumba kutoka Ulaya zina tatizo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Sumaku ya dunia huivuta chini ncha ya kaskazini ya sindano kule Ulaya, ilhali katika pwani yetu huvutwa ncha ya kusini. Mtengenezaji huisawazisha kadi kwa ukanda maalumu. Ikitumiwa nje ya ukanda huo, kadi huweza kuinama na kukwama. Uliza, basi, imetengenezwa kwa ukanda upi.

Hata dira njema hupotoshwa na mahali ilipofungwa. Injini, spika ya redio, hata simu ya nahodha, huivuta. Na hitilafu hubadilika kila chombo kigeukapo. Ndiyo maana fundi hukizungusha chombo duara zima, akalinganisha dira na alama zijulikanazo, akaandika jedwali la mikengeuko. Injini ikibadilishwa, kazi hiyo irudiwe.

Wengine hutuuliza kama kifaa cha setilaiti hakitoshi. Hicho husema ulipo, kwa vipimo vya mfumo wa WGS 84. Ramani nyingi za zamani hazikuchorwa kwa mfumo huo, na tofauti yaweza kufika mamia ya mita. Betri nayo huisha.

Dai risiti inayotaja aina ya dira na ukanda wake. Bila maelezo hayo, ni vigumu kudai urejeshewe fedha kadi ikiinama.