Pumzi ya Mcheza Mpira

Mwanao anacheza mpira. Kipindi cha kwanza anakimbia vizuri. Kipindi cha pili miguu inakuwa mizito. Watu husema ni mvivu. Sivyo. Mchezo mzima ni dakika 90. Mwili wake umepungukiwa nguvu na maji.

Pumzi hujengwa polepole. Akimbie taratibu dakika 20, mara tatu kwa juma. Akizoea, aongeze dakika chache. Siku nyingine apumzike.

Usiku alale saa 8 au zaidi. Siku ya mchezo usimtume shamba. Ale ugali, viazi au ndizi mapema, chakula kipate kusagika. Anywe maji kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko na baadaye.

Akiona kizunguzungu au kifua kikimuuma, atoke uwanjani. Mpeleke zahanati upesi.