Utando: Kutoka Matangi ya Kinsevere hadi Maabara ya Fizikia

Utando, katika matumizi ya kila siku, ni kitu chembamba kilichotanda juu ya kingine: utando wa maziwa yaliyopoa, utando wa buibui, utando wa jicho. Je, neno hilo laweza kubeba dhana ya kisayansi ya tabaka la metali au oksidi lililokuzwa juu ya kioo? Mfano ulio karibu na wasemaji wa Kiswahili cha Katanga unapatikana Kinsevere, mgodi ulio kaskazini ya Lubumbashi.

Tangu 2011 shaba ya Kinsevere huzalishwa kwa umeme. Mawe husagwa, shaba huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha mmumunyo uliosafishwa huingizwa matangini yalimosimamishwa mabamba ya chuma cha pua. Mkondo upitapo, kila ayoni ya shaba hupokea elektroni mbili, ikawa atomu na kuganda juu ya bamba. Mwanzoni ni utando tu; baada ya siku kadhaa huwa tabaka nene, nalo hubanduliwa.

Maabarani lengo ni kinyume: kuukomesha ukuaji utando ungali mwembamba, aghalabu chini ya mikroni moja. Njia mojawapo hutumia chumba kilichoondolewa hewa kwa pampu, kisha kikatiwa gesi kidogo ya agoni. Umeme huigeuza gesi hiyo kuwa plazima. Ayoni zake hugonga kipande cha metali na kuchomoa atomu, ambazo hutua juu ya kioo. Hewa ikisalia, atomu huungana na oksijeni pasipokusudiwa. Ndiyo maana pampu ni muhimu sawa na metali yenyewe.

Kisha hufuata upimaji. Ncha nne huwekwa mstari mmoja juu ya utando: mbili za nje hupitisha mkondo, mbili za ndani hupima volteji. Kwa hiyo ukinzani wa maungio hauingii katika kipimo.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimekuzwa tando za dioksidi ya vanadi, ambayo ikifikia takriban nyuzi 68 za Selsiasi hupata tabia ya metali na kuzuia mionzi ya joto. Sifa inayofaa madirisha ya nchi za joto.

Neno "filamu" huelekeza mawazo kwenye sinema. "Bamba" hudokeza unene. "Utando" hauna kasoro hizo. Mwanafunzi wa Lubumbashi husoma fizikia kwa Kifaransa, mwenzake wa Dar es Salaam kwa Kiingereza. Wasipopewa istilahi moja ya Kiswahili, watakuwa na lugha moja sokoni na kuwa mabubu maabarani.