Je, Wajua? Mwanaanga Anayejua Kiswahili

Je, wajua kwamba mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani anakijua Kiswahili? Ni Mae Jemison, Mmarekani aliyezaliwa Decatur, Alabama, Oktoba 17, 1956, akakulia Chicago. Kirusi na Kijapani navyo anavijua. Ukikutana naye, usimsengenye kwa lugha yoyote kati ya hizo.

Kwamba aliingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 16 tu? Mwaka 1977 akahitimu uhandisi wa kemikali, huku akiwa amesoma pia masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi. Udaktari akaupata Cornell mwaka 1981.

Kwamba akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alifika huku kwetu? Alifanya kazi na Flying Doctors, wale madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki.

Kwamba uongozi wake ulipimwa Sierra Leone, NASA ikiwa bado haijamjua? Kati ya 1983 na 1985 alikuwa daktari wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, huko na Liberia. Kijana mmoja wa kujitolea akaugua. Daktari mwingine akasema ni malaria, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Jemison akashika lake: hii ni homa ya uti wa mgongo, na hapa hatuna vifaa vya kuitibu. Akaagiza ndege ya kijeshi ya wagonjwa kutoka Ujerumani, gharama dola 80,000. Ubalozi wa Marekani ukahoji ana mamlaka gani ya kutoa amri kama hiyo. Akawaeleza kwa utulivu kwamba kumhamisha mgonjwa hakumlazimu kuomba ruhusa ya mtu. Walipofika Ujerumani alikuwa amekesha na mgonjwa wake saa 56. Kijana akapona. Kwa maoni yangu, saa hizo zinamweleza Jemison kuliko picha zake zote akiwa amevaa suti ya anga.

Kwamba ajali ya chombo cha anga cha Challenger haikumtisha? Aliomba nafasi NASA mwaka 1985. Januari 28, 1986, chombo hicho kikalipuka sekunde 73 baada ya kuruka, wanaanga wote 7 wakafa, na usajili ukasimama. Ulipofunguliwa akaomba tena. Mwaka 1987 akawa miongoni mwa 15 waliochaguliwa kutoka waombaji wapatao 2,000.

Kwamba ameruka mara moja tu maishani? Ilikuwa Septemba 12, 1992, kwa chombo cha Endeavour, na safari ilichukua siku 7 na saa 22 na ushei. Pamoja naye walikuwemo Mjapani Mamoru Mohri, na Mark Lee na Jan Davis, mume na mke wa kwanza kwenda angani pamoja. Jemison alichunguza seli za mifupa. Alishughulika pia na vyura: mayai yao yalirutubishwa hukohuko juu, yakatoa viluwiluwi.

Kwamba kila alipoanza zamu alifungua mawasiliano kwa msemo wa Luteni Uhura wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek? Jina la Uhura, kwa taarifa yako, limetokana na uhuru wetu huuhuu. Mwaka 1993 Jemison mwenyewe akaigiza katika tamthilia ya Star Trek, mwanaanga halisi wa kwanza kufanya hivyo.

Kwamba alipanda angani na bango la kikundi cha dansi cha Alvin Ailey, sanamu ya Bundu, jumuiya ya wanawake ya Sierra Leone, na picha ya Bessie Coleman, Mmarekani Mweusi aliyelazimika kwenda Ufaransa kupata leseni ya urubani mwaka 1921?

Kwamba aliiacha NASA Machi 1993, miezi michache tu baada ya kutua? Wengi walishangaa. Akaanzisha kampuni yake, akafundisha Chuo cha Dartmouth, na tangu 2012 anaongoza mradi wa 100 Year Starship, unaotaka binadamu awe na uwezo wa kuifikia nyota nyingine ndani ya miaka 100.

Na jukwaani je? Katika hotuba yake ya TED ya mwaka 2002, hoja ilikuwa moja: sayansi na sanaa zifundishwe pamoja. Anayesema hivyo ni mhandisi, daktari na mcheza dansi. Wazazi na walimu mnaomsukuma mtoto achague kati ya fizikia na ngoma, itafuteni hotuba hiyo, muisikilize kabla ya kumjazia fomu ya tahasusi.