Linux ya bure, uamuzi wa kampuni: jinsi watumiaji wa CentOS walivyoachwa njiani

Mwezi Septemba 2019, mafundi wanaosimamia seva zinazotumia CentOS walipokea toleo la 8 la mfumo huo, pamoja na ahadi kwamba lingepata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029. Lakini tarehe 8 Desemba 2020 walitangaziwa mwisho mwingine: 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ilifutwa kwa tangazo moja.

Linux ni mfumo unaoendesha ordinatere, kama vile Windows. Kampuni ya Marekani Red Hat hutengeneza aina yake, Red Hat Enterprise Linux, na wateja hulipa ili wapate marekebisho na msaada wa mafundi. Kwa kuwa programu hizo ziko chini ya leseni huria, mwaka 2004 wajitolea walianza kuchukua msimbo wake, kuondoa jina na nembo ya Red Hat, kuujenga upya na kuugawa bure. Hiyo ndiyo CentOS. Vyuo vikuu, maabara na makampuni ya kuhifadhi tovuti waliitumia kwa miaka mingi bila kulipa hata senti moja.

Jina lilibadilisha mwenyewe

Januari 2014, mradi wa CentOS ulijiunga na Red Hat. Baadhi ya wajitolea wakuu waliajiriwa na kampuni, na jina la CentOS likawa mali yake. Wengi walifurahi, maana kazi ya usiku na wikendi sasa ilikuwa na mshahara. Julai 2019, kampuni ya IBM ilikamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Mwaka uliofuata ndipo uamuzi ulipotoka.

Red Hat ilieleza kwamba nguvu zake zinaelekezwa kwa CentOS Stream. Tofauti ni kubwa: CentOS ya zamani ilifuata nyuma ya toleo linalouzwa, lakini Stream hutangulia mbele yake. Kwa anayetaka kushiriki katika kuitengeneza, huo ni mlango uliofunguliwa. Kwa anayehifadhi mishahara ao faili za wagonjwa, na ambaye alitaka kitu kilichokwisha kupimwa na wengine, hiyo ni biashara nyingine kabisa.

Waliowahi kuamini ndio walioumia zaidi. Aliyebaki kwenye toleo la 7 aliendelea kupata marekebisho hadi tarehe 30 Juni 2024. Aliyefanya bidii na kuhamia la 8 alipewa miezi isiyofika 13. Januari 2021, Red Hat iliruhusu mtu kutumia mfumo wake wa kulipia bure kwenye seva zisizozidi 16, lakini hilo halikutosha kwa wenye mamia ya seva.

Hata taasisi kubwa ziliguswa. CERN ya Geneva na Fermilab ya Marekani zilikuwa na Linux yao, Scientific Linux. Mwaka 2019 Fermilab iliamua kutotengeneza toleo lake la 8 na kuchukua CentOS 8. Desemba 2022 CERN na Fermilab zilitangaza kimbilio jipya: AlmaLinux.

Leseni ilifungua njia

Kimbilio hilo lilipatikana kwa sababu kampuni ilimiliki jina, lakini haikuweza kufungia programu zenyewe. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alianzisha Rocky Linux. Kampuni ya CloudLinux ilianzisha AlmaLinux, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Machi 2021 na sasa iko chini ya taasisi isiyotafuta faida. Rocky ilifuata mwezi Juni. Zote mbili zilitoa zana za kuhamisha seva bila kuianza upya.

Hata hivyo, Juni 2023 Red Hat ilikaza tena: msimbo wa toleo linalouzwa ungepatikana kwa wateja wake tu, na wengine wangebaki na ule wa Stream. Mike McGrath, kiongozi katika kampuni hiyo, alitetea hatua hiyo akisema kwamba kujenga upya kazi ya wengine bila kuongeza kitu ni hatari kwa makampuni ya programu huria. AlmaLinux iliacha lengo la kuwa nakala kamili, ikachagua kuhakikisha tu kwamba programu zilizotengenezwa kwa Red Hat zinafanya kazi kwake pia. Agosti mwaka huo, Oracle, SUSE na CIQ waliunda OpenELA ili kugawana msimbo huo.

Kwa shirika ao chuo cha Goma, Bukavu ao Lubumbashi kinachotumia Linux ya namna hii, bure haimaanishi bila gharama. Kuhama kunadai fundi, nakala za data, umeme usiokatika na intaneti ya kushusha mafaili mazito. Kabla ya kuchagua, inafaa kuuliza mambo matatu: jina ni mali ya nani, nani analipa mafundi, na marekebisho yatakoma lini. Debian, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1993, si mali ya kampuni yoyote, na watengenezaji wake humchagua kiongozi wao kila mwaka.

Seva ambayo bado inatumia CentOS 7 ao 8 haipati tena marekebisho kutoka kwa mradi huo. Kazi ya kwanza ni kuhifadhi nakala ya data mahali pengine, kiisha kupanga siku ya kuhama.